Mwakilishi akija, tumuulize mwani, wazee wetu na kiwanja cha mabinti

#1 MamaSkuli (mleta uzi)

Assalamu alaykum wadau.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi huku kaskazini Pemba, na ni mtoto wa mama ambaye tangu nina akili zangu anashuka baharini kwa mwani. Nimefungua uzi huu mapema makusudi. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na bajeti hupitishwa pale Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, kabla ya hapo. Sisi huku tunakuja kuzisikia habari zake redioni mambo yameshapita. Kuomba tunajua sana: tunaomba bati za msikiti, tunaomba kisima, kijana akija na fulana tunapanga foleni. Kudai kitu kilichoandikwa kwenye kasma, yaani fungu la bajeti la wizara, chenye kiasi chake na mwaka wake, hilo bado hatujalizoea, na ndilo nataka tulifanye.

Naanza na mwani kwa sababu ndio unaolisha nyumba nyingi za pwani. Kilimo chake cha biashara kilianza 1989 upande wa Paje na Jambiani kwa mbegu za kutoka Ufilipino, kikasambaa hadi Pemba. Wakulima wake wengi mno ni kina mama. Baada ya utalii na karafuu, hili ndilo zao linalotuletea fedha za kigeni.

Anayeona mwani kwenye hotuba tu, aje aone kazi yenyewe. Bamvua likiingia na maji kupwa, mama anatoka na kamba zake, vigingi na mbegu. Kila kamba ina taitai, vile vijiuzi vifupi, na kila taitai anaifunga kishada cha mbegu kwa mkono. Anafunga ameinama, maji ya magoti, jua la utosini, ncha za vidole zimechubuka kwa chumvi na nailoni. Wiki kama sita baadaye anavuna. Mwani mbichi ni mzito, unachuruzika maji, na anaubeba kichwani mpaka nchi kavu kuuanika. Mvua ikinyesha kabla haujakauka, anaanza kuukusanya mbio afunike. Ukishakauka, zile kilo zote alizobeba zimegeuka kitu kidogo tu cha kuingia kwenye gunia. Kisha anakuja mnunuzi na mizani yake, na bei anayo yeye.

Hapo ndipo panaponiuma. Karafuu mnunuzi wake anajulikana kisheria, ni ZSTC, shirika la biashara la Serikali, na bei hutangazwa. Mtu wa Mtambwe anauparaga mkarafuu akijua kilo ya daraja la kwanza ataiuza kwa ngapi. Mama wa mwani kwa miaka mingi amepewa kamba na taitai na kampuni, kwa sharti kwamba atawauzia wao, na kampuni ndiyo inayosema bei. Mwani huo huo ukifika nje unatolewa karajinani, inayotiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi, na vipodozi hivyo tunakuja kuvinunua madukani Darajani.

Kwa hiyo dai langu la kwanza ni bei ya chini ya mwani itangazwe kabla ya msimu, kama inavyofanyika kwa karafuu, na kila shehia inayolima iwe na ghala na chanja za kuanikia, mwani usilale mchangani. Kiwanda cha mwani cha Chamanangwe tunakitaka na tunakiunga mkono. Lakini tuambiwe kitanunua kwa nani, kwa bei gani, na mabinti wetu wangapi waliomaliza kidato cha nne watapata kazi ndani yake.

La pili ni wazee. Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyefikia miaka 70, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Hili ni jambo kubwa na nalisema kwa moyo mweupe. Bibi yangu hajawahi kuajiriwa popote, maisha yake yote alisuka kamba za usumba na kulima muhogo, na leo ana fedha yake mkononi bila kumwomba mtu. Naomba kiasi kiwe kinaangaliwa upya kila bajeti kwa kutazama bei ya mchele na sukari, kisisubiri mwaka wa kampeni.

La tatu ni mabinti na michezo. Hili nitalisema kwa urefu nikipata wachangiaji, kwa sababu ndilo naliishi kila siku. Kwa sasa niseme hivi: skuli nyingi huku zina kiwanja kimoja, na saa kumi jioni kiwanja kile ni cha wavulana. Wasichana wanasimama pembeni wakisubiri, adhana ya magharibi inakaribia, wanarudi nyumbani. Pete zetu za netiboli alizichomelea fundi wa kijijini kwa chuma cha baiskeli mbovu na zimeshapinda. Dai langu ni kasma ya michezo ya wasichana kwa kila wilaya, isimame peke yake, isichanganywe na ya wavulana ikamezwa.

Nawasilisha.

#2 Bamvua

Dada MamaSkuli, ahsante. Mimi nipo Paje na mwani naujua kwa kuupima, nimewahi kuwa wakala wa kununua. Bei ni jambo moja, lakini kuna jingine kubwa zaidi. Kuna aina mbili za mwani, spinosamu na kotonii. Kotonii ndio wenye bei nzuri, na ndio unaokufa. Maji ya pwani siku hizi ni ya moto, maji yakipwa mwani unapikika pale pale kwenye kamba. Spinosamu unavumilia kidogo lakini bei yake ni ya chini. Wataalamu wetu wa bahari wamesema siku nyingi kwamba kotonii unataka kupelekwa maji makubwa, kwenye ubaridi.

Sasa nani aende maji makubwa? Kina mama wetu wamelima miaka yote kwa miguu yao. Boti ziligawiwa zile za fedha za ahueni ya UVIKO-19, Mungu awalipe waliozileta. Lakini mama asiyejua kuogelea ukimpandisha boti umempeleka wapi? Vijijini huku nimeona boti za vikundi vya kina mama zinaendeshwa na wanaume, na mavuno yanaanza kugawiwa kwa utaratibu mwingine. Kazi iliyokuwa ya kina mama inaondoka mikononi mwao taratibu hivi hivi.

#3 KijanaWaKiwengwa

Uzi mzuri. Msitusahau wa hoteli, nasi tuna familia. Watalii walipita 600,000 mwaka 2023 na wanaongezeka, kila wiki tunasikia hoteli mpya. Kima cha chini cha mshahara cha sekta binafsi kilipandishwa mwaka 2024 kuwa shilingi 347,000, tunashukuru. Ila sheria imekaa kwenye karatasi. Niliko mimi, na sitapataja, masika yakiingia mwezi wa nne tunaambiwa nendeni nyumbani, tutawaita. Mkataba ni wa miezi, unakatika, unaanza upya, huna likizo wala mwendelezo. Mwenzangu mmoja alipokwenda ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, kuuliza michango yake alikuta mapengo matupu, na kwenye karatasi ya mshahara alikuwa akikatwa.

Halafu hili la viwanda vya ndani. Mayai, nyanya, vitunguu, kuku, asilimia kubwa vinashuka bandarini kutoka Bara. Hata sabuni ndogo ya chumbani inatoka nje, wakati kina mama wanatengeneza sabuni ya mwani nzuri kabisa. Mwekezaji anasamehewa kodi za vifaa vya kujengea. Basi na yeye awekewe sharti la kununua kiasi fulani kutoka kwa vikundi vya hapa. Hilo mwakilishi hawezi kulisema?

#4 MzeeWaMtambwe

Wanangu, nimesoma yote. La mwani na wazee nawaunga mkono mia kwa mia. Pensheni hiyo naipokea na mimi. La mabinti kucheza uwanjani mbele za watu mimi lina uzito kwangu. Sina ugomvi na elimu, binti zangu wote wamesoma, mmoja ni muuguzi. Lakini kiwanja kiko njiani, vijana wamekaa ukutani wanatazama na kupiga miluzi, na binti wa watu anarukaruka pale. Mwalimu, hebu nieleze hapo.

#5 MamaSkuli

Shikamoo baba. Nashukuru umelisema wazi, kwa sababu wazazi wengi wana neno hilo hilo na wanalimeza, kisha binti anazuiwa nyumbani bila maelezo.

Hayo ya miluzi ni kweli tupu. Nimewaona wasichana wangu wakiacha mchezo kwa sababu hiyo, na waliokuja kuacha mwanzo walikuwa ndio wepesi zaidi. Lakini baba, mwenye kosa hapo ni yule kijana wa ukutani, na anayeadhibiwa ni binti. Ndiyo maana kasma ninayoitaka haihusu mipira peke yake. Nataka uzio, hata wa makuti tuanze nao. Nataka choo na chumba cha kubadilishia nguo. Nataka mwalimu wa kike wa michezo aliyepata mafunzo, maana skuli nyingi hana, na mzazi hawezi kumkabidhi binti kwa mtu asiyemjua. Nataka ratiba ya siku maalumu ambazo kiwanja ni cha wasichana tu. Mambo haya hayataki fedha nyingi, na kila moja linajibu hofu yako.

Mavazi nayo yamekwisha kutatuliwa na wenye mchezo wenyewe. FIFA iliruhusu rasmi kucheza kwa hijabu mwaka 2014. Wasichana wangu wanacheza na suruali, fulana ya mikono mirefu na ushungi uliobana vizuri, na wanakimbia kama kawaida.

Wala hili si geni kwetu. Mama zetu walicheza nage uani mpaka usiku. Unguja wanawake wamekuwa wakicheza mpira wa miguu kwenye timu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na leo kuna timu kama JKU Princess ya Jeshi la Kujenga Uchumi, ambayo binti akionekana anaweza kupata ajira kikosini kabisa, mshahara na pensheni. Mwaka 2022 wasichana wa Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India, wakawafunga Ufaransa na kufika robo fainali. Sisi Zanzibar tunajua uchungu wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, mwaka 2017: Machi tumepewa uanachama kamili, Julai umefutwa. Kwa hiyo binti wa Micheweni akitaka kucheza kimataifa mlango wake ni timu ya Tanzania. Ataonekana vipi na atakayemwona hajapata kiwanja cha kumwonea?

Sasa naja kwa kaka yangu Bamvua, maana umenipa jambo ambalo sikuliweka kwenye uzi na limenikaa usiku kucha.

Kuogelea ndiyo fundo la mambo yote haya. Tunaishi kisiwani, na wanawake wetu wengi hawajui kuogelea. Mtoto wa kiume anajifunza kwa kujirusha gatini, hakuna anayemkataza. Wa kike anaambiwa shuka ufukweni uokote chaza, usipite kiunoni. Wapemba hatuhitaji kukumbushwa Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama usiku ikija huku, wala Julai 2012, MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe. Kila kijiji kina nyumba iliyopoteza watu. Katika skuli niliyoanzia kazi kulikuwa na madawati yaliyobaki matupu muhula ule, na wengi walikuwa wanafunzi wa kike.

Basi tukitaka kotonii upelekwe maji makubwa na ubaki kuwa kazi ya kina mama, lazima kina mama wajue kuogelea. Na tukitaka wajue, waanze wakiwa wasichana skulini, kama mchezo, na mwalimu wa kike, wamejisitiri. Nungwi hili limeshafanyika, wasichana wamefundishwa na nguo ndefu za kuogelea na wazee wao wameridhia. Kwa hiyo kwenye dai langu la tatu naongeza hili, na nalipandisha juu ya netiboli: mafunzo ya kuogelea kwa wasichana wa skuli zote za pwani na kwa vikundi vyote vya mwani vilivyopewa boti. Wizara ya michezo, wizara ya elimu na wizara ya uchumi wa buluu wakae meza moja, kila mmoja atoe sehemu yake.

#6 MzeeWaMtambwe

Marahaba mwanangu. Uzio na mwalimu wa kike, hapo tumekubaliana. Na la kuogelea sina la kupinga hata moja. Kwenye Spice nilizika ndugu.

#7 MpiganajiMstaafu

Wadau, mleta uzi amegusa wazee, naomba niongeze wale waliovaa gwanda. Mimi ni mstaafu wa JWTZ, niko Wete. Mwaka 1978 Idi Amin alipoingia Kagera, vijana wa visiwani tulikwenda kama wenzetu wa Bara, wengine hatukuwahi hata kuona mlima. Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Wapo waliobaki huko, wapo waliorudi na vyuma mwilini. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunatajwa na tunawekewa mashada. Baada ya hapo mzee mwenye goti la risasi anapanda gari ya shamba kwenda hospitali na kukaa foleni sawa na kila mtu. Wajane ndio wenye hali mbaya zaidi, maana wengi hawajui karatasi gani inatakiwa wapi.

#8 MamaSkuli

Shikamoo babu yangu, na Mungu akulipe kwa uliyotufanyia.

Hapa naomba wote tushike jambo moja la utaratibu, kwa sababu nimeona watu wakipeleka dai zuri kwenye mlango usiokuwa wake na kurudishwa. Ulinzi ni jambo la Muungano. Pensheni ya mwanajeshi na matibabu yake ni ya Serikali ya Muungano, kwa hiyo anayebanwa ni Mbunge wetu anayekwenda Dodoma. Pensheni Jamii, mwani, ajira na michezo ni mambo ya Zanzibar, anayebanwa ni Mwakilishi anayekaa Chukwani. Wa vikosi vya JKU, KMKM, Valantia, Zimamoto na Chuo cha Mafunzo wako chini ya SMZ, yaani Serikali ya Zanzibar, kwa hiyo wastaafu wao nao ni kwa Mwakilishi. Mstaafu wa jeshi akimwandikia Mwakilishi atajibiwa kwa upole na hakuna kitakachotendeka.

Dai la babu naliandika hivi: kuwe na afisa mmoja Unguja na mmoja Pemba wa kuwashughulikia wapiganaji wa Kagera na wajane wao, aende kwa masheha kuwaorodhesha wakiwa majumbani, na wapewe kitambulisho cha kutibiwa bila foleni. Wenyewe wamezeeka. Kijana wa miaka 20 mwaka 1978 leo ameshapita 65. Hili haliwezi kungoja awamu nyingine.

#9 MtuWaMjini

Nawaunga mkono ila fedha zitoke wapi? Kila mtu akidai chake bajeti itapasuka.

#10 MamaSkuli

Swali la haki. Uwanja wa Amaan umefanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena Desemba 2023, tumefurahi, unapendeza. Uwanja wa Gombani huku Pemba nao tumeuona ukijaa Januari 2025 kwa Kombe la Mapinduzi. AFCON 2027 inakuja na viwanja vinajengwa. Kwa hiyo fedha za michezo zipo, ninachosema ni zigawiwe kwa jicho la binti pia. Uzio wa skuli, pete za netiboli na mwalimu mmoja haviwezi kulinganishwa na taa za uwanja mkubwa. Na bei ya chini ya mwani haina maana Serikali inunue kila kilo. Maana yake ni leseni ya mnunuzi iwe na sharti. Alilolisema kijana wa Kiwengwa kuhusu hoteli kununua bidhaa za hapa halitoi hata senti serikalini, linataka kanuni na mtu wa kuisimamia. Na ukaguzi wa michango ya ZSSF unaingiza fedha kwenye mfuko, hautoi.

Sasa kazi. Nimeandika rasimu ya barua ya kurasa mbili. Upande mmoja ni wa Mwakilishi, mwingine wa Mbunge, kama nilivyogawa juu. Kila jimbo litie mambo yake. Itasomwa kwanza kwenye mkutano wa shehia, sheha agonge muhuri, kina mama wa vikundi watie saini au dole gumba, kisha ipelekwe kwa mkono na iombewe nakala yenye tarehe ya kupokewa. Isitiwe jina la chama chochote. Nyumba yangu ina wa kijani na ina wa zambarau, na mwani tunaula wote.

Mnaolima Tumbe, Kiuyu na Makangale, niandikieni bei mliyouzia msimu uliopita na nani aliyewapa kamba. Walimu, andikeni skuli yenu ina kiwanja au haina, kina uzio au hakina, na kama kuna mwalimu wa kike anayejua kuogelea. Bamvua, wewe nakuomba unikusanyie ya Paje, Bwejuu na Jambiani. Babu wa Wete, majina ya wapiganaji yasiandikwe hapa hadharani, mpelekee sheha wako au nitumie kwa ujumbe wa ndani, nitayafuata mwenyewe.